Siku Tano Alizonisainia Mtani

Jumatano, 11 Juni

Dada yangu Nyamizi,

Shikamoo. Mmeamkaje huko Itetemia? Miguu ya mama imepungua kuvimba? Joyce wangu anakula, au bado anasubiri mama yake ampakulie? Mimi ni mzima. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia.

Unakumbuka ofisi ilinipa siku tatu za kumzika mke wangu, nikakaa nane, maana sikuweza kuondoka kabla ya kuondoa tanga. Niliporudi huku masjala sikukuta faili hata moja limelala. Mzee Salumu, Mzaramo ninayekaa naye meza moja, alikuwa amefanya kazi yake na yangu. Barua za walimu za kupandishwa madaraja zote zilikuwa zimetoka. Tatizo ni kwamba zile siku tano za ziada alinisainia pia kwenye daftari la mahudhurio, kila asubuhi.

"Mzee, kwa nini?" nilimuuliza.

"We Mnyamwezi! Babu zako wamepita kwetu na mizigo ya pembe mpaka tukawa watani, leo umefiwa nikae tu? Watani wenzangu walichota maji msibani. Mimi nilikuwa mbali, nikashika kalamu."

Nilicheka, dada. Mara ya kwanza tangu tutoke makaburini.

Jumatatu afisa utumishi akaniita.

"Siku tano ulikuwa Tabora, na hapa umesaini. Una pacha?"

"Sina, bosi."

"Basi mtaje aliyesaini. Ukimtaja, yako yataisha kwa onyo."

"Ni mambo ya msiba."

"Msiba hauingii kwenye daftari la serikali."

Tangu nirudi hajaniuliza hata jina la marehemu. Kwenye vikao anashangaa kwa nini hatujitumi. Mimi kinachoniamsha kwenda kazini ni yule mzee, anayenimiminia chai kabla sijaketi na kuniita mvivu. Mwezi wa nane anastaafu. Akitajwa, atafukuzwa akiwa amefika mlangoni. Anasema atajisalimisha mwenyewe, kwamba mtani haogopi, lakini leo amenimiminia chai akasahau kuniita mvivu. Nimemwomba anyamaze.

Barua ya kujieleza nimeiandika mara tatu. Ya mwisho ni fupi: nilikosa kazini siku tano bila ruhusa, aliyenisainia namjua, sitamtaja, adhabu nipewe mimi. Marehemu Elizabeti wangu angesema nimefanya vema, kisha angeuliza tutakula nini.

Nikifukuzwa, usimwambie mama mpaka nifike. Msalimie, pamoja na shemeji na mwinjilisti aliyetuongozea maziko. Joyce msuke jinsi mama yake alivyozoea, kuanzia kisogoni.

Kesho saa mbili asubuhi naipeleka hiyo barua ya kujieleza. Saa hiyo unikumbuke.

Ndugu yako,
Masanja