Kitufe cha Kijani cha Teresia

Daisy, weka sufuria chini usome. Teresia amemmaliza kakake Sylus mbele ya wakwe zake waliotoka Mwatate. Sasa hivi!

Siku tatu Teresia ameshinda na ile kompyuta ndogo ya Linux ya kuchezea filamu kwa TV, akiifundisha rimoti mpya kitufe kimoja kimoja. Sylus amelala tu kwa kochi.

Leo wakwe wanakunywa chai, Sylus anainua rimoti: "Hii nimeunganisha mimi mwenyewe. Teresia hata kuwasha TV hajui."

Hajui! Daisy, eti hajui!

Teresia akatabasamu, akawaongeza chai, akashika simu yake. Kompyuta anaiamrisha kutoka huko. Akabadilisha kazi ya vitufe viwili, cha kijani na cha kuzima.

"Bonyeza ya kijani, kaka, waone picha za uchumba."

Akabonyeza kwa maringo.

TV ikajaa Sylus wa jana, kaptula imetoboka, Teresia alikuwa amemrekodi akiomba: "Tafadhali dadangu, nionyeshe tena ya kuwasha ni gani. Kesho nisiaibike."

Akabonyeza kuzima. Ikaanza upya. Akabonyeza tena. Ikaanza upya!

Mama mkwe akamgeukia Teresia: "Mwanangu, yetu utakuja kutuwekea lini?"