Kwako Kipaza, Sauti ya Jukwaa la Mawe

Mwaka mmoja umezunguka tangu asubuhi ile ulipoketi kizingitini kung'arisha viatu vyako vya Jumamosi, ukamwita mkeo akuletee kitambaa, naye alipofika akakukuta umeegemea mlango kama mtu anayesikiliza jambo la mbali. Kiatu kimoja kilikuwa tayari kinang'aa. Cha pili tulikimalizia sisi, kwa kuwa hukuvumilia kazi ya nusu.

Mume wetu, baba yetu, mdogo wetu: tunakuandikia mbele ya watu, maana hukutuzoesha kusema kwa kunong'ona.

Nyumbani mwako hakuna aliyeweza kuingia kimyakimya. Mtoto akirudi amechelewa, ulimtangaza kutoka sebuleni: “Anaingia uwanjani nambari tatu! Amechelewa, hana maelezo, mwamuzi anamtazama!” Kicheko kilitangulia karipio, na mara nyingi karipio lenyewe likasahaulika njiani. Mkeo alilalamika kwamba hata chumvi uliiomba kama mtu anayetangaza bao. Darasani kwako mwanafunzi wa hisabati akipata jibu baada ya kuhangaika nalo, ulipiga meza kwa kiganja na kusema, “Wavuni!” Wako watu wazima leo, wenye watoto wao, wanaosema hawakuipenda hisabati hata siku moja ila walilipenda lile neno, na kwa ajili ya neno wakaivumilia hisabati.

Kaka yako mkubwa, ambaye umri wake umepita kati ya msikiti na diwani za mashairi, aliuona mpira kuwa upotevu wa wakati. Ulimbembeleza msimu mzima. “Kaka, njoo mara moja tu. Ukichukia, sitakuita tena.” Akakuuliza, “Na nikipenda?” Ukamjibu, “Ukipenda, utaficha.” Alikuja, akapenda, akaficha kwa miaka mingi. Leo anakiri mbele ya wasomaji, na anajua unacheka.

Alichokipenda kwanza ni adabu yako ukitangaza mechi za chuo. Uliwatangaza wageni kabla ya wenyeji, jina kwa jina, bila kuruka hata la mchezaji wa akiba. Bao la wageni ulilipa pumzi ileile uliyolipa bao letu. Mashabiki walikuzomea: “Kipaza, wewe ni wa upande gani?” Nawe ukajibu kwenye kipaza sauti, uwanja wote ukisikia: “Mimi ni wa upande wa kilichotokea!”

Kwa ajili ya kilichotokea, kila mapumziko uliwasimulia watu habari za uwanja wenyewe. Ulianza kwa kuuliza, “Wa mawe, mpo?” Jukwaa likaitika, “Tupo!” Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, “Mwalimu, fupisha, tumefungwa mawili!” Nawe: “Ndiyo maana nasimulia, ndugu yangu. Angalau kuna kitu utaondoka nacho.”

Na haya ndiyo uliyoyasimulia. Tunayaandika hapa kwa sababu wapo wanaotaka yasahauliwe.

Chuo kilipokuwa kichanga, ninyi wanafunzi wa mwanzo mlicheza kati ya madarasa, mpaka mpira ulipovunja dirisha la mkuu wa chuo naye akatoka ameubana kwapani. “Mnataka uwanja? Bonde lile pale. Kachimbeni!” Alisema kwa dhihaka. Ninyi mkaichukua dhihaka yake kuwa ruhusa. Bonde lilikuwa tope na matete. Mlichimba mifereji, mkayatoa maji, kisha mkaanza kushusha mawe kutoka kilima cha nyuma ya mabweni, kila mtu na jiwe lake kabla ya kipindi cha kwanza. Mhadhiri mmoja alipokataza viatu vyenye tope darasani, mliingia peku, darasa zima, mkaketi kama hakuna lililotokea.

Aliyeyapanga mawe hayo yakawa jukwaa ni fundi mwashi mliyemwita Kimya, maana aliongea kwa mwiko wake zaidi kuliko kwa ulimi. Masika yalipolainisha kilima, jiwe lilimponyoka mbebaji likamvunja Kimya mguu. Alirudi na mkongojo akaendelea kujenga akiwa ameketi. Siku ya ufunguzi walialikwa wakubwa, wakawekewa viti vyenye vitambaa, na Kimya akazuiwa mlangoni. Timu zilikuwa zimekwisha kujipanga. Nahodha wenu akaushika mpira, akakaa juu yake katikati ya uwanja, na wenzake wakaketi kumzunguka. Timu ya wageni nayo ikaketi. Mkuu wa chuo akauliza kuna nini. Akajibiwa: “Tunamsubiri mwenye nyumba.” Kimya akaletwa, akaketishwa safu ya mbele, na ndipo kipenga kikalia. Mlifungwa siku ile, tena vibaya. Hukuwahi kuificha habari hiyo.

Miaka baadaye wasichana wa chuo walipoomba uwanja, wakajibiwa kwamba nyasi zinapumzishwa. Jumamosi iliyofuata wakaingia na jezi zao, na ulipoletewa ujumbe kwamba usiwatangaze, ukawasha kipaza sauti: “Na langoni, binti yangu mwenyewe, ambaye asubuhi hii amekataa kunisalimia kwa sababu nilimwambia ana wasiwasi.” Uwanja ukaangua kicheko, wasiwasi ukamtoka, akaokoa penalti. Nyasi hazikupata madhara.

Ndugu yetu, uliyasema haya kwa miaka bila kumkera mtu, mpaka utawala wa sasa ulipotoa mpango wa kubomoa jukwaa la mawe na kujenga lingine la vioo, lenye maduka chini yake. Mpango ulihitaji historia iliyo nyepesi. Ghafla ukutani penye lango pakaandikwa kwa rangi nzuri kwamba uwanja “ulijengwa na uongozi wa chuo kwa manufaa ya wanafunzi”. Uliyasoma maandishi hayo. Ulivua miwani, ukaifuta, ukasoma tena. Mapumziko yalipofika ukamsimulia Kimya kutoka mwanzo hadi mwisho. Wiki iliyofuata ukaelezwa kwamba mtangazaji atataja wachezaji, mabao na wafadhili, basi. Ukamsimulia Kimya tena. Wiki ya tatu ulikuta kibanda cha mtangazaji kimefungwa kufuli.

Tulidhani umekwisha. Mkeo alikuambia, “Njoo ukae nyumbani, upumzike.” Ukamjibu, “Nimefungiwa kibanda, mama watoto. Koo sijafungiwa.”

Ukashuka safu ya chini kabisa, ukageuka ukalitazama jukwaa. Ukamwita kaka yako, umri wenu wote ule, kama mlivyokuwa watoto. “Kaka, unakumbuka msikitini umeme ukikatika?” Alikumbuka. Mlipokuwa wadogo, sauti ya imamu isipofika nyuma, mtu wa safu ya kati aliipokea takbira na kuipaza, na wa nyuma yake akaipokea kwa wengine, hata aliyekuwa uani akarukuu pamoja na aliye mbele. “Basi kaa safu ya pili,” ukamwambia, “upokee.”

Hivyo ndivyo ulivyokuwa msimu wako wa mwisho. Ulisema sentensi moja, kaka yako akaigeukia safu ya tatu na kuisema, safu ya tatu ikaipa ya nne, na habari ikapanda jukwaa kama maji yanayopanda utambi. Watu walionunua karanga waliacha kutafuna. Hata kijana mpya wa kibandani, aliyepewa kipaza sauti chako, alikizima ili asikie.

Mara moja palitokea kosa, na tunalieleza kwa sababu ulilipenda kuliko mafanikio yote. Ulisema kwamba mawe yalipangwa na Kimya. Kutoka juu kabisa jibu likateremka, safu kwa safu, hata likakufikia: “Kimya na babu!” Ukashangaa. “Nani ameongeza babu?” Swali likapanda. Jibu likashuka na mwenyewe, mzee muuza magazeti, akipita kati ya magoti ya watu huku akiomba radhi. “Mimi nimeongeza, Mwalimu. Babu yangu ndiye aliyekuwa akileta mchanga kwa mkokoteni. Nimekaa juu kule miaka yote nikisubiri umtaje.” Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ulimuuliza mkokoteni ulipita njia gani, ng'ombe alikuwa wa rangi gani, mchanga ulimwagwa wapi. Kisha ukageuka ukasema kwa sauti yako yote: “Kimya na babu!” Tangu siku hiyo hukuwa msimuliaji peke yako. Kutoka juu zilikuwa zikishuka habari nyingi kuliko zilizopanda, za mama aliyekuwa akiwapikia uji wabebaji, za mabomba yaliyofukiwa chini ya goli la kusini. Ulirudi nyumbani umechoka, unang'aa.

Ubeti wa wimbo wa jukwaa uliutunga siku hizo, ukamletea kaka yako aukague. Mizani ilikuwa imepungua mahali pawili. Aliiweka sawa, mkazozana kidogo juu ya vina, mkapatana. Tunauandika hapa kwa mara ya kwanza:

Jiwe hili si la mtu, akaaye kivulini,
Limebebwa na wenzetu, juani na matopeni,
Hayafutwi mambo yetu, kwa rangi ya ukutani,
Mwenye sauti aseme, na mwenzake apokee.

Kisha ikaja asubuhi ya viatu. Mola akurehemu, akupanulie makao yako, akulipe mema kwa kila jina ulilolitaja.

Sasa sikiliza tuliyoyaweka kwa ajili ya leo. Mwezi uliopita alikuja nyumbani afisa wa chuo, kijana mstaarabu, na picha kubwa ya jukwaa jipya iliyokunjwa. Mkeo alimkaribisha, akamwekea chai. Akaikunjua picha mezani. Juu ya vioo vile paliandikwa jina lako, kwa herufi ndefu kama mtu.

“Mama, tunataka kumuenzi mzee,” akasema. “Jukwaa lote litaitwa kwa jina lake. Tunachoomba ni familia ije siku ya kubomoa la zamani, itoe baraka, na masimulizi yale ya mapumziko, yanayoendelea hata bila yeye, yakome.”

Tusiseme uongo mbele yako: nyumba iligawanyika kwa muda. Mwanao wa kwanza aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Jina la baba juu ya jengo si jambo dogo. Hata kaka yako aliyasoma maandishi yale herufi kwa herufi. Mkeo peke yake ndiye aliyeshika ncha ya karatasi, akaanza kuikunja polepole, akilinganisha pembe kwa pembe.

“Mwanangu,” akamwambia afisa, “huyu mzee unayemuenzi ulimjua?”

“Alinifundisha, mama.”

“Alikufundisha kutaja majina ya watu au kuyafuta?”

Kijana akainamia kikombe chake.

“Mnataka jina lake likae juu ya kaburi la wenzake, na sisi tupige makofi. Kunywa chai yako, baba, usiache. Lakini picha hii rudi nayo. Waambie waliokutuma kwamba jina la mume wangu halikodishwi.”

Akainywa chai yote, kwa heshima. Mlangoni akageuka, akasema kwa sauti ya chini, “Mama, mzee alipokuwa akisimulia, mimi nilikuwa safu ya tisa.” Akaondoka na picha yake. Mwanao wa kwanza ndiye aliyemsindikiza, na aliporudi alisema, “Mama yuko sawa,” kisha hatukulijadili tena.

Basi tunawatangazia wote wasomao, utawala wa chuo ukiwamo. Jumamosi hii kuna mechi, na mechi ina mapumziko. Binti yako, mlinda mlango, atasimama safu ya chini. Kaka yako atakaa ya pili. Koo lake limezeeka, lakini linatosha kufika ya tatu. Tutaanza na bonde na matete, na tutamtaja kila aliyebeba. Mwenye jamaa aliyesahauliwa aje amtaje, tutampokea. Kufuli mnazo, na nguzo za umeme ni zenu. Jukwaa mkilibomoa, tutasimama juu ya kifusi chake tukisema. Kifusi mkikizoa, tutasimama barabarani. Atakayetaka kutunyamazisha itambidi anyamazishe safu moja baada ya nyingine, na atakapofika juu, ya chini itakuwa imeanza upya.

Unakumbukwa na mkeo. Na wanao watatu, mmoja wao akiwa langoni. Na wakwe na wajukuu, ambao wote wanapiga kelele kwa kufuata asili yao. Na kaka yako mkubwa, na dada zako wawili. Na wanafunzi wako. Na wa mawe wote, wa safu ya chini hadi ya juu.

Hatutakusahau kamwe, Kipaza wetu, wala hatutakukumbuka kimyakimya.