Gatera na Keki ya Dada Yake

Winifred, mume wangu ameniaibisha! Nimejificha jikoni kwa baba mkwe, Kimisagara.

Si unajua Mzee huwakatia Gatera na dada yake Sangwa keki moja ya siku ya kuzaliwa? Leo kaanza tena: Sangwa alipozaliwa, mwaka tisini na tatu, siku ya nane watoto wa mtaa wakaja kula, kila mmoja akampa jina, kama desturi yetu.

Gatera akavimba. Mtu ana ndevu, Winifred! Akafoka: “Kila mwaka Sangwa, Sangwa! Mimi sikuzaliwa?”

Wageni wote wakamgeukia!

Mzee akasema: “Ulikuwa na miaka mitatu, umenuna hivyo hivyo. Katika majina yote, nilichukua lako.”

Sasa namsikia Gatera sebuleni akiwatangazia wageni: “Sangwa ni jina langu, nilimpa mimi!” Na keki yote kamwachia.