Ndevu za Upande Mmoja za Mwenye Jengo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Babu Sindano. La kuzaliwa, waliolijua wote wamekwisha kufa.
Umri: Sabini na ushee.
Kazi: Fundi cherehani.
Makazi: Chumba cha uani, nyuma ya duka la kinyozi.
Elimu: Darasa la tatu. La nne lilinikataa.

Nimeambiwa niseme kweli, nisitie chumvi. Afande, kwa umri huu hata daktari amenikataza chumvi.

Nimeitwa kwa sababu mwenye jengo letu, tunayemwita Bwana Kodi, amelalamika kwamba kinyozi alimfukuza kwa wembe. Kinyozi huyo ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Mimi humwita mchumba, yeye huniita kikongwe. Ana pumu tangu utotoni; dawa yake ya kuvuta huning'inia shingoni kama filimbi ya refa.

Leo, tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, nilikuwa kibarazani pa duka lake nikigeuza kola ya shati. Bwana Kodi akaingia kunyolewa. Ni yeye aliyepigilia tangazo kila chumba, sheria ya sigara ilipoanza kukazwa: MARUFUKU KUVUTA HUMU. MPANGAJI ATAKAYERUHUSU ATAHAMA SIKU HIYO HIYO. Alilipiga misumari minne, utadhani litatoroka.

Akapakwa povu. Shavu la kulia likanyolewa, likang'aa kama sahani ya mgeni. Hapo akatoa sigara, akawasha. Mjukuu wangu akaweka wembe mezani.

"Zima kwanza baba, ndio niendelee."

"Jengo la nani hili? Nyoa!"

"Moshi unanibana kifua."

"Basi nyoa bila kupumua."

Wateja kwenye benchi wakaanza kukagua viatu vyao. Nao ni wapangaji, nani aseme? Mtego niliuona. Mjukuu wangu akimwacha avute, tangazo linamhamisha. Akimkataza, mwenye tangazo anamhamisha. Nikamwona ameshika dawa yake. Shati nikaliacha, nikaingia.

"Mchumba, hebu nisomee yale ya ukutani. Macho yangu yamestaafu."

Macho yangu, afande, yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Lakini alisoma, kwa sauti, mpaka saini ya mwenye jengo.

"Sijasikia vizuri. Rudia."

Akarudia. Safari hii wateja wakasoma naye, kama watoto wa chekechea. Mmoja alichekea puani mpaka akapaliwa.

Bwana Kodi akainuka na kitambaa chetu shingoni. "Kesho mtalala nje, wewe na hilo zee lako!"

Mjukuu wangu akamfungulia mlango. "Karibu tena, baba. Ukizima, kiti chako kipo."

Bwana Kodi akaja hapa kituoni kwa miguu, mchana kweupe, shavu moja sahani, jingine povu. Hakuguswa na mtu. Wembe ulikuwa mezani tangu alipowasha, na hapo ndipo ulipobaki.

Sasa naona unajipepea kwa hilo faili, afande. Mlalamikaji yuko nyuma yangu kwenye benchi, amewasha nyingine, chini ya tangazo lenu. Mimi sisemi kitu. Naomba tu uandike kwamba shahidi amekohoa.

Haya ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu yaliyostaafu. Nimesomewa, nimeyakubali, nacheka.

Sahihi: (dole gumba, kalamu na mimi tuliachana darasa la tatu)

Maelezo yamechukuliwa nami, afisa wa zamu, kaunta, saa sita kasorobo. Shahidi amekohoa. Nami pia. Mlalamikaji aliagizwa kuzima sigara, akauliza kama najua jengo lile ni la nani. Nilimjibu kwamba hili ni la serikali. Amefunguliwa shtaka la kuvuta sigara mahali pa umma. Malalamiko dhidi ya kinyozi ameyafuta, pamoja na tishio la kumhamisha, mbele ya wapangaji wake waliojaa mlangoni. Ameomba amaliziwe ndevu kabla ya kupigwa picha ya jalada.

Ombi limekataliwa.