Niachie Huyu Mmoja

Mpendwa dada Nafula,

Ni kwa huzuni nyingi ninapotangaza kifo cha Sista, mtabibu wa ngazi ya pili, kilichotokea ghafla jana alasiri kwenye daraja la mawe, baada ya kupigwa na jitu rungu moja tu. Habari ziwafikie Jenerali, aliyekuwa amesimama karibu bila kufanya lolote, wapiga mishale wawili waliokuwa nyuma, mwenye duka la dawa katika mji wa kwanza, na jamaa na marafiki wote walioko Kitale, Bungoma na Milima ya Majitu. Mipango ya mazishi haipo. Kwenye gemu ile, kama unavyokumbuka, maiti hukaa kidogo kisha hupotea, na mahali pake hubaki mfuko.

Usishtuke. Baba yuko hai. Dada yake, Senge, naye yuko hai, tena sana. Aliyekufa ni kale kamwanamke ketu ka kwenye kompyuta, kale kenye kanzu ya kijivu.

Ndiyo, kompyuta yenyewe bado ipo. Mimi nashinda mjini nikitengeneza mashine za watu, lakini ile ya nyumbani sijaitupa. Inawaka, ingawa feni yake inakohoa. Unakumbuka siku Baba alipoileta? Ofisini kwao walikuwa wakitoa mashine kuukuu, akaifunga nyuma ya baiskeli ya bodaboda na kutembea kando yake njia nzima, ameishikilia kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Wewe ukaifumia kitambaa cha kroshia, cha rangi moja na cha redio. Baba akawatangazia majirani kwamba watoto wake sasa wanasoma kompyuta.

Tulichosoma ni gemu moja aliyoisahau humo mwenye mashine wa kwanza, ya mapanga na majitu. Haikuwa na kijitabu cha maelezo, na Kiingereza chake kilikuwa kikongwe kuliko cha Biblia ya babu. Sheria zake tulizijua kama mtu anavyojua tabia za ng'ombe mgeni: kwa kupigwa teke.

Tulijifunza kwamba kila mtu ana zamu yake, na ukishapiga unangoja upigwe. Tulijifunza kwamba mwenye ngao husimama mbele na asiye na ngao hukaa nyuma. Mimi nikawa Jenerali, sikupigiwa kura. Wewe ukaangalia wale watu waliobaki, ukasema, "Na hawa wote wanaua tu? Nani anatibu?" Ukamchukua yule wa kanzu ya kijivu, ukampa jina la Sista, kama wale wauguzi wa hospitali ya misheni. Tangu siku hiyo nikianguka unaniinua, nikitobolewa unaniziba. Maombi yako ya kutibu yakiisha, lazima Sista alale ndipo yarudi, nami nilikuwa nakaa hapo nikigonga meza: "Mwamshe bana, Jenerali anavuja damu."

Kisha tukajifunza ile sheria nyingine. Pointi hapewi aliyepigana sana, wala aliyetibu. Anapewa aliyetoa pigo la mwisho. Ukiua, unapanda ngazi, mwili unakuwa mgumu, unapata nguvu mpya. Ukitibu, umetibu. Nilikuwa wa kwanza kuigundua sheria hiyo, na nikaitumia kama chifu aliyegundua kwamba hakuna anayemkagua.

Nakusikia hadi leo. Jitu au mbwamwitu amebaki na uhai wa kuku mgonjwa, amejikunja pembeni, nawe umeshika ukingo wa meza.

"We, niachie huyu mmoja tu."

"Utamkosa."

"Si nimkose mwenyewe?"

"Ati umkose! Akitumaliza je?"

Nikampiga mimi. Kila mara. Jenerali akapanda mpaka vyura wakawa wanakimbia wakimwona, na Sista akabaki ngazi ya pili, akimtibu mtu mkubwa namna hiyo kwa mikono ile ile midogo. Tena nilikubebesha mzigo. Nilisema Sista hana upanga, kwa hivyo ana nafasi. Ngao zangu za akiba, kamba, mikate, hata kile kichwa cha mbwamwitu nilichokataa kuuza kwa sababu ya sifa. Na kwenye gemu ile mwenye mzigo mzito hutembea wa mwisho. Ulikuwa unafika vitani umechelewa, unatutibu sote, na zamu yako imekwisha.

Siku moja Baba alisimama nyuma yetu na kikombe chake cha chai. Alitazama kwa muda. "Huyu wa nyuma anafanya kazi gani?" akauliza.

"Anatibu, Baba," nikasema.

"Na yeye akiumia?"

Nilicheka. Wewe hukucheka. Baba akamaliza chai yake na kuondoka, akiwa ameridhika kwamba somo la kompyuta linaendelea vizuri.

Sitaki kujifanya kwamba gemu ndiyo iliyotufundisha ubaya. Gemu ilitukuta tayari. Mama alikuwa ameshatutoka, na wewe ulikuwa umeshajua ni unga kiasi gani unatosha watu wangapi. Lakini mwaka uliomaliza kidato cha nne, ukapata nafasi kwenye ile kozi ya mifugo huko Mabanga uliyokuwa ukiisema tangu utotoni, Baba akapooza upande mmoja. Watu wa ukoo wakajaa sebuleni. Senge akauliza, "Sasa nani atabaki na mzee?" Nakumbuka hakuna aliyetaja jina lako. Haja haikuwepo. Ulikuwa umeshashika beseni. Mimi nilitoka nje kuangalia kama shati langu la shule limekauka.

Na lilikuwa limekauka. Nikalivaa, nikasoma, nikaenda chuo Eldoret, nikarudi. Siku ya sherehe Senge alinivisha yale mapambo ya karatasi zinazong'aa, mchungaji akaomba, na kila aliyesimama alisema nimeipigania nyumba hii. Ati nimepigana. Wewe ulikuwa jikoni unakatakata kuku. Ulitoka mara moja tu, ukanishika shavu kwa mkono wenye harufu ya vitunguu, ukasema, "Umefika, Jenerali." Nilidhani ni utani. Hata leo sina hakika, na sijawahi kuuliza, kwa sababu naogopa haukuwa utani.

Mwaka huu wewe ulienda Mabanga. Hukuomba ruhusa, uliaga tu. Ulimpanga Baba kama duka: nguo hapa, mafuta ya kuchua hapa, dawa hapa. Senge akatoka kwake, eneo la Kwanza, kuja kukushikia nafasi. Wiki jana ukanitumia ujumbe kwa simu. Nilikuwa dukani, mkono mmoja ndani ya kompyuta ya mteja, ulipoingia: "Leo ng'ombe alishindwa kuzaa. Mwalimu alisimama kando. Waliniachia huyo mmoja. Ndama ni jike, amesimama."

Nafula, niliusoma ujumbe huo mpaka mteja akaniuliza kama kuna msiba.

Sikukujibu. Sababu ni kwamba siku hiyo hiyo, jioni, Senge aliniita jikoni. Mahindi yake kule Kwanza yanaoza shambani na mgongo wake umechoka kumgeuza Baba.

"Mwandikie arudi," akasema.

"Senge, yuko katikati ya kozi."

"Kozi si iko hata mwaka ujao? Kwani ng'ombe wataisha?"

"Basi mpigie wewe."

"Mimi atanikatalia. Ukimwandikia wewe hatakataa. Wewe ndiye anakusikia."

Hilo ndilo lililonikaa rohoni, dada, kwa sababu ni kweli. Naijua barua ya kukurudisha. Nilianza mbili. Niliweka humo jinsi Baba anavyouliza kila jioni, kwa ule mdomo wake mzito, "Nafula?" nami namwambia uko Mabanga, naye anasema, "Mabanga," polepole, kama mtu anayeonja mboga aone kama zina chumvi. Zilikuwa barua tamu. Hata mimi zingenirudisha. Nilikuwa nimefika pale pa kusema "muhula mmoja tu" nilipoona mkono wangu unaandika haraka sana, kama mtu aliyezoea.

Jana nikaziacha. Na badala ya kwenda kumsaidia Senge, nikaondoa kile kitambaa chako cha kroshia na kuwasha kompyuta.

Walikuwa pale pale tulipowaacha, mbele ya daraja. Nikasema leo namwachia Sista. Nikamtuma Jenerali amchakaze jitu lile mpaka likabaki linayumba. Kisha nikamrudisha nyuma, nikamleta Sista mbele, mstari ambao hajawahi kusimama maisha yake yote, na kanzu yake, na mzigo wake wote mgongoni. Nikampa zamu. Akainua fimbo yake. Akakosa.

Jitu halikukosa.

Nilikaa nikitazama. Ningekuwa mtu wa maana ningelijua hilo mapema: huwezi kumnyima mtu kila pigo kwa miaka, kisha umsukume mbele siku moja na kuiita hiyo zawadi. Na wa kumfufua hakuwepo. Maombi ya kufufua anayajua mtabibu wa ngazi za juu peke yake, na mtabibu wetu alikuwa ndiye aliyelala pale.

Maiti ikapotea, mfuko ukabaki. Nikaufungua. Sikuwahi kuufungua, nilikuwa nautupia vitu tu. Vyangu vyote vilikuwemo, hata kichwa cha mbwamwitu. Chini kabisa palikuwa na kisu kidogo. Nikakumbuka pango lile la kwanza kabisa, wewe unakiokota na kusema, "Hiki ni changu," na mimi nikidhani ni cha kukata mkate. Ulikuwa umejiandaa tangu siku ya kwanza.

Nikamwambia Jenerali abebe mfuko. Mashine ikaandika kwamba mzigo umemzidi, hawezi kusogea. Shujaa mzima, vyura wanamkimbia, amesimama darajani kama nguzo ya stima. Nilikuwa bado namwangalia, Senge akaniita kutoka chumbani nikamsaidie kumgeuza Baba. Nikasema, "Nakuja."

Unaijua hiyo "nakuja" yangu. Nilipofika alikuwa ameshamgeuza peke yake, ameketi ukingoni mwa kitanda akishika kiuno. Hakunigombeza. Alinitazama tu kama anavyotazama mvua iliyokuja baada ya mahindi kukauka. Baba naye akanitazama kwa lile jicho lake zima. Akasema neno moja, kwa taabu, na ilibidi nimwinamie nilisikie. Alisema, "Mtabibu." Sijui alikuwa ananitania, ananiita kazini, au anakutafuta wewe. Kwa Baba huwezi kujua.

Kwa hivyo hii ndiyo barua niliyotumwa kukuandikia. Nilitumwa nikuite. Usije. Ukija wakati wa likizo, njoo kama mgeni, ukae, upikiwe, ulalamike kwamba chai ni nyepesi. Nimeiandika wazi, bila bahasha, ili watu wa ukoo waisome kabla yako, ikianzia kwa Senge kule shambani kwake, na asije mtu akakupigia simu na kusema ni mimi ninayekuita. Anayemgeuza Baba sasa ni mimi. Duka nitafungua mchana, na asiyeweza kungoja aende na kompyuta yake kwa fundi mwingine.

Usinisifu. Senge ameondoka asubuhi ya leo, na tangu hapo nusu ya masikio yangu iko mlangoni, ikisikiliza kama ni wewe. Uji niliompikia Baba ulikuwa na madonge. Aliyahamishia shavuni moja moja, kwa heshima, kisha akayatema. Nakuandikia nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, na kila mstari nikijiona mwema, namtazama, wema unapungua.

Huyo ndama mpe jina. Wakikuachia mwingine, mshike. Ukimkosa, umkose mwenyewe.

Kwaheri, dada. Uwasalimu ng'ombe.

Ni mimi mdogo wako, yule wa mbele.

Baba amegonga kitanda. Ni saa ya dawa yake ya jioni, kuna nyeupe na kuna ya manjano, na sijui ni ipi.