Matokeo ya Marekani Mdomoni mwa Zuhura

Jumanne usiku

Mwanangu mdogo Zuhura katafuna sasa hivi karatasi ya baba yake, matokeo ya uchaguzi wa zamani wa jimbo moja la Marekani. Mume wangu Salim anayafanyia mtihani kesho chuoni Khoudh, hapa Oman.

"Gavana yuko wapi?" Salim kauliza.

Nikamtoa gavana mdomoni mwa Zuhura, karowa, nikamsomea Salim kwa sauti kashinda nani. Mama mkwe kusikia matokeo kaenda kufunga mlango. Kwao Unguja matokeo yakitoka, watu huogopa fujo, hukaa ndani.

"Mchele upo?"

"Mama, ni Marekani, na wote washakufa," nikamwambia.

"Nimeuliza mchele."

Salim akifaulu atapanda cheo kazini, tuhamie nyumba yetu wenyewe Mabela, inshallah. Nnaomba tu wasimuulize kuhusu seneta. Huyo kamezwa kabisa, nami nataka kumwambia Salim polepole akishakunywa chai, ila ndo huyo ananiita, anauliza seneta yuko wapi.