Wembe Haugombani na Mtu

4 Machi

Mwanangu,

Hamjambo huko, wewe na wajukuu zangu? Mimi sijambo nusu. Upande wa kushoto wa uso umelala tangu mwezi uliopita na hauna nia ya kuamka. Jicho halifumbiki, chai inatokea kando ya mdomo. Nikicheka, upande mmoja unacheka, wa pili umefiwa.

Daktari anasema si kiharusi, ni neva ya uso tu. Dada mmoja wa mazoezi ya viungo hapo hospitalini anataka kila siku nikae mbele ya kioo dakika kumi, nipumue taratibu, niuangalie uso bila kuusema vibaya. Nikamwambia uso huu nimeuvumilia miaka sabini na moja, anitafutie mwingine. Hakucheka.

Duka nimefunga. Vioo nimevigeuzia ukutani. Nani atampa kinyozi wa hivi shingo yake? Nyumbani nauvuta uso na kuukanda kwa nguvu mpaka utii.

Baba yako mkorofi

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, ila barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Acha kuuvuta huo uso. Nimemuuliza muuguzi wa huku, anasema kuulazimisha ni kuufundisha vibaya.

Unakumbuka nilivyokuwa nashinda dukani kwako? Mteja akikaza shavu, ulishusha mkono ukangoja. Ulimwambia, "Tulia. Legeza. Wembe haugombani na mtu." Sasa wewe mbona unagombana?

Binti yako

28 Aprili

Baba,

Shikamoo, hata kama umenuna. Nijibu neno moja tu.

Binti yako

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba, zote mbili. Nilinuna kweli, mtoto kumrudishia baba maneno yake. Kununa kwa nusu uso ni kazi, usijaribu.

Kisha nikageuza kioo kimoja, kile kidogo. Siku ya kwanza nilitazama nikakimbia. Ya pili nililia. Jicho bovu hutoa machozi lenyewe siku zote, lakini siku hiyo macho yalitoa yote mawili. Nikapumua. Sikuutukana. Nimefanya hivyo kila asubuhi. Mdomo bado uko kando, huenda ukabaki huko. Ila moyo hauruki tena nikisikia hodi.

Jana nimefungua duka. Mteja wa kwanza ni mzee unayemjua, ndevu za miezi minne, mdomo umeenda zake. Nikamkalisha mbele ya kioo kikubwa, mimi na yeye kiti kimoja. Akakaza shavu. Nikashusha mkono, nikangoja, nikamwambia, "Tulia. Legeza."

Akatulia. Sikumkata hata mahali pamoja.

Baba yako